Vilima Vitatu

Karatasi niliyopewa ina kurasa mbili na doa la chai.
Juu imeandikwa: Baiolojia ya Neva na Sayansi ya Utambuzi,
Shahada ya Kwanza, Masharti.
Chini, nafasi tatu za sahihi,
kila moja na kilima chake.

Hakuna aliyenionya kwamba taaluma mtambuka
ni habari ya miguu.
Saa mbili asubuhi kemia, kwenye ndaki ya sayansi.
Saa nne isimu, ng'ambo ya bonde,
na katikati upepo wa Dodoma
unaotia vumbi hadi ndani ya kalamu.
Kutambua, kutambuka:
herufi moja tu inayoyatenga,
na dakika ishirini na tano za kupanda.

Lazima: Kemia ya Uhai. Falsafa ya Nafsi. Takwimu.
Hiari: chagua mawili kati ya matano,
ila la tatu halifundishwi mwaka huu,
mwalimu wake naye yuko masomoni.

Nyumbani Chamwino, nilipotaja ubongo,
mjomba Chilewa alicheka hadi akakohoa:
"Mirembe si hapo tu? Hata nauli huhitaji."
Mama hakucheka.
Dada yake, Sechelela, alilazwa huko masika mawili,
akarudi akituita kwa majina ya marehemu,
na kila jina lilienea sura aliyoipachika.
Kwenye fomu ya sifa za kujiunga
nilitafuta kisanduku cha shangazi.
Hakipo.

Maabara. Ubongo wa mbuzi wa mnada wa Msalato
kwenye trei, umejikunja
kama ngumi ya mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Kwetu ungekuwa umeshaingia kwenye supu ya kichwa.
Dakta Mbogoni anaonyesha kwa ncha ya koleo:
hapa njia ya harufu, hapa kumbukumbu.
Rehani anauliza:
na ile hofu alipokiona kisu, ilikaa wapi?
"Hilo," anasema, "liko mwaka wa tatu."

Juma la tano alichora seli mbili ubaoni,
akaacha ufa.
"Hazigusani. Kila mnachokijua kimeruka hapa."
Nikaandika. Nikatazama dirishani:
bonde, kijia,
wanafunzi watatu wanakimbia, madaftari utosini,
wamebeba kitu kutoka kilima hiki
ambacho kilima kile hakijakisikia.

Isimu walitaka dakika kumi za sauti,
lugha ya nyumbani, msemaji mmoja.
Nilimrekodi shangazi akipepeta uwele.
Aliniita Mbeleje, jina la bibi yangu,
akanikaripia kwa deni la chumvi
la mwaka ambao mama hajazaliwa.
Mhadhiri alisikiliza mara mbili.
"Sarufi yake haina doa," akasema.
Tisa juu ya kumi.
Moja aliikata kwa sababu ya upepo.

Takwimu nimepata thelathini na nane.
Swali la nne: je, mtu mmoja anatosha
kuthibitisha jambo?
Nilijibu ndiyo,
nikajaza kurasa tatu,
nikaomba karatasi ya nyongeza.
Kalamu nyekundu imeandika neno moja: Rudia.

Sasa ni Alhamisi, kilima cha tatu.
Mlango umefungwa, tangazo limebandikwa kwa plasta:
Amekwenda msibani Kondoa. Njoo Jumatatu.
Sahihi mbili ninazo. Nimekaa ngazini,
karatasi chini ya kiatu isipeperuke,
ninasoma upya sharti la mwisho,
lile lenye maandishi madogo:
mwanafunzi atahesabiwa amekamilisha
akiwa amepita kote.

Huko bondeni kuna mtu anakuja mbio,
mkono juu, kama anayeniita.
Jina analolitaja linapotea upepo ukigeuka.
Simtambui bado.